Mistari Sita kwenye Muundi wa Mbuzi

Ramani ya akupancha inasema kila mguu wa binadamu unapitiwa na meridiani sita: ya tumbo, ya wengu, ya kibofu, ya figo, ya nyongo na ya ini. Ndizo njia ambazo nguvu ya mwili inasemekana kusafiria, na tabibu huchoma sindano zake kwenye vituo vilivyopangwa juu ya njia hizo. Mwili mzima una njia 14 na vituo 361. Mahali pa kila kituo palisanifishwa na ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Pasifiki ya Magharibi mwaka 2008.

Dai hili lina sifa nzuri ambayo madai mengi ya tiba hayana: linapimika kwa kisu. Njia inayotoka kidoleni ikapanda hadi kiwiliwilini bila kukatika haiwezi kukwepa kisu kinachoukata mguu kwa upana. Kata chini ya goti, kata juu ya kifundo, kata popote katikati, lazima uipitie. Kwa hiyo, kama wanyama nao wana meridiani, muundi wa mbuzi uliokatwa kwa msumeno katika bucha ya Daraja Mbili mjini Kisii, au kule Keroka mpakani na Nyamira, unapaswa kuonyesha mfupa, misuli, mafuta, ateri, vena na neva, kisha vitundu sita visivyo lolote kati ya hayo.

Tuanze na ukubwa wa kitundu chenyewe. Mtu aliyedai kuviona ni Kim Bonghan, mtafiti wa Pyongyang, Korea Kaskazini. Mwaka 1961 alitangaza kwamba amepata mfumo wa vijia vyembamba katika wanyama, na hadi 1965 alikuwa ametoa ripoti kadhaa zenye picha na michoro. Kisha jina lake likatoweka katika kumbukumbu za hadhara, na taasisi yake ikatoweka pia. Mbinu yake ya kutia rangi kwenye tishu hakuiandika kwa namna ambayo mwingine angeweza kuirudia. Mwaka 2002 Soh Kwang-Sup, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, aliufufua utafutaji huo kwa sungura, panya na panya weupe, na mwaka 2010 watafiti wa kundi lake wakaupa mfumo huo jina jipya, primo. Vijia walivyoeleza vina unene wa mikromita 20 hadi 50.

Tuchukue 30. Muundi wa mbuzi wenye upana wa sentimita 3 ni mpana mara 1,000 kuliko kijia hicho, na eneo la uso uliokatwa ni kubwa mara 1,000,000. Kitundu kimoja, basi, ni sehemu moja katika milioni ya kile unachokiona mezani pa muuza nyama. Vyote sita pamoja ni sehemu sita katika milioni. Jicho tupu haliwezi, na hakuna anayemlaumu muuza nyama.

Mtetezi wa meridiani atasema hapo hapo: ndiyo sababu hamkuziona. Ila udogo si kisingizio kinachosimama. Kapilari za damu zina upana wa mikromita 5 hadi 10, yaani ni nyembamba kuliko kijia cha Kim Bonghan mara tatu au zaidi, na Marcello Malpighi aliziona katika mapafu ya chura mwaka 1661 kwa hadubini ambayo leo mwanafunzi wa sekondari angeikataa. Camillo Golgi alitangaza rangi yake ya kuonyesha seli za neva mwaka 1873, na matawi ya seli hizo ni membamba zaidi bado. Kitu cha mikromita 30 kinachokwenda mguu mzima kingekuwa miongoni mwa vitu vikubwa katika kitabu cha histolojia.

Sasa gharama. Nitatumia bei za mfano ili msomaji aweze kuzibadilisha na zake: kila slaidi shilingi 150 kwa kukata na kutia rangi, na dakika 15 za mtaalamu kuisoma. Kwa mistari, kazi ni nafuu kiasi cha kushangaza. Chukua miundi 10 ya mbuzi, kila mmoja ukatwe kwa upana mahali 5, na kila uso ugawanywe katika slaidi 8 za sentimita moja hivi. Jumla ni slaidi 400. Zidisha: shilingi 60,000 na saa 100 za kusoma, chini ya wiki tatu za kazi za mtu mmoja. Maabara yoyote ya patholojia ya hospitali ya rufaa inaweza kuifanya. Na popote kati ya nyuso hizo 50 ambapo vitundu sita havipo, dai la mstari usiokatika limekatika.

Vituo ni hadithi nyingine. Hapa mtu anadai kwamba chini ya ngozi, mahali pamoja mahususi, kuna kitu ambacho sentimita mbili pembeni hakipo. Kukitafuta inabidi ukate donge la nyama la sentimita moja kila upande, halafu ulichane vipande vya mikromita 5. Donge moja linatoa vipande 2,000. Unahitaji donge la kituo na donge la pembeni la kulinganisha nalo, hivyo 4,000 kwa kila mbuzi, na 40,000 kwa mbuzi kumi. Bei ni shilingi 6,000,000. Kusoma ni saa 10,000, sawa na miaka mitano ya mtu mmoja akifanya kazi siku 250 kwa mwaka, na macho yake yakiwa bado yanamtii.

Kuna anayepunguza kwa kusoma kipande kimoja katika kila kumi. Gharama inashuka hadi slaidi 4,000, shilingi 600,000 na miezi sita. Lakini kijia cha mikromita 30 kilicholala sambamba na makali ya kisu kinakaa ndani ya vipande 6 tu. Ukisoma kimoja katika kumi, una nafasi 4 kati ya 10 za kukiruka kabisa. Ukirudi mikono mitupu hutajua kama hakipo au umekipita.

Kuna tatizo jingine, nalo halihitaji hata hadubini. Ramani ya binadamu inamaliza njia za mguu kwenye vidole: tumbo kidole cha pili, nyongo cha nne, kibofu cha tano, wengu na ini zote mbili zinaanzia kidole gumba, figo unyayoni. Mbuzi hukanyaga kwa vidole viwili, cha tatu na cha nne. Cha pili na cha tano vimebaki vikwato vidogo vinavyoning'inia nyuma, visivyogusa ardhi. Gumba halipo kabisa. Kwa hiyo, kati ya njia tano zenye kidole, ni ya nyongo peke yake inayokuta kidole chake kikiwa kizima. Na nyongo nayo ina mkasa wake. Chati za akupancha ya farasi zinazouzwa leo zinamchorea farasi meridiani ya nyongo, ilhali farasi hana kibofu cha nyongo, wala punda hana. Madaktari wa mifugo wa China ya kale walikuwa na vituo vyao vya kuchoma wanyama. Mistari ya kuunganisha vituo hivyo ilinakiliwa kutoka kwenye ramani ya binadamu katika karne ya 20. Mtafiti anayetafuta meridiani ndani ya mnyama anatafuta mchoro ambao watu waliuhamisha juzi.

Pamoja na hayo, kazi ya Seoul haikuwa ya kupuuzwa. Soh na wenzake walionyesha nyuzi juu ya viungo vya ndani na ndani ya mishipa ya limfu ya sungura na panya, wakazipiga picha. Wakosoaji wakauliza kama si nyuzi za faibrini tu, zile zinazojitengeneza mwili unapojeruhiwa au kuvimba. Mimi naona swali kubwa zaidi ni la mahali. Nyuzi zilizopigwa picha mara nyingi zaidi zinaelea juu ya ini na utumbo, huku ramani ikisema ziwe chini ya ngozi ya mguu. Hata zikithibitishwa kuwa kiungo kipya cha mwili, bado hazijawa meridiani.

Ufaransa ilijaribu njia ya mkato. Katika miaka ya 1980 Pierre de Vernejoul na Jean-Claude Darras walidunga teknesiamu yenye mionzi kwenye vituo vya akupancha, wakaitazama ikipanda mguuni kwa mstari. Picha zilisafiri dunia nzima. Wenzao wa Ufaransa walirudia, wakadunga pia mahali pasipo vituo, na mstari ukatokea vilevile: dawa ilikuwa ikisafiri kwa vena na limfu. Gharama ya kulikwepa kosa hilo tangu mwanzo ingekuwa sindano moja zaidi kwa kila mguu.

Je, hakuna kilichopatikana? Kimepatikana, ila si mstari. Helene Langevin, akiwa Chuo Kikuu cha Vermont, alipima mwaka 2001 nguvu inayotakiwa kuchomoa sindano kwa watu 60. Sindano iliyozungushwa upande mmoja ilishikwa na mwili kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 167 ile ya sindano isiyozungushwa. Tofauti kati ya kituo na mahali pa pembeni ilikuwa asilimia 18. Soma tarakimu hizo mbili pamoja: mkono wa tabibu una uzito mara tisa kuliko mahali anapochoma. Alipolichunguza suala hilo katika tishu za panya, aliona kinachoshika sindano ni tishu unganishi, ule utando mweupe ambao muuza nyama huuvua juu ya misuli na kuutupia paka. Sindano ikizungushwa, nyuzi zake hujizongesha juu ya chuma. Mwaka uliofuata Langevin na Jason Yandow walilinganisha vituo vya mkono wa binadamu na tando hizo, wakakuta asilimia 80 ya vituo viko zinapokutana tando za misuli. Idadi hiyo inavutia, lakini tando hizo zimeenea mwili mzima na zina majina yao katika kila kitabu cha anatomia.

Kisha zikaja neva. Mwaka 2010 kundi la Maiken Nedergaard huko Rochester, Marekani, lilichoma panya weupe kwenye kituo kilicho chini ya goti, kile ambacho Wachina wanakiita Zusanli, na likapima adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Iliongezeka takriban mara 24. Panya waliozaliwa bila kipokezi chake hawakupata nafuu. Mwaka 2021 kundi la Qiufu Ma huko Harvard lilitangaza katika jarida la Nature kwamba umeme mdogo kwenye kituo hichohicho hutuliza uvimbe wa mwili kupitia neva ya vagasi na tezi za adrenali, na kwamba kazi hiyo hufanywa na aina moja ya neva za hisia. Neva hizo zimejaa katika tando za ndani za mguu wa nyuma na hazipo katika tando za tumboni, na kituo cha tumboni kilipopewa umeme uleule hakikufanya kitu. Huo ndio msingi wa kianatomia ulio thabiti kuliko yote niliyosoma. Unaeleza kwa nini mahali pa kuchoma pana maana. Hauhitaji njia 14, hata moja.

Hadi hapa tumehesabu nyama. Mgonjwa wa mgongo anayepanda matatu kutoka Nyamira kwenda mjini Kisii ana hesabu nyingine. Ujerumani ndiyo iliyolipia jaribio kubwa linalomhusu, matokeo yakatolewa mwaka 2007. Watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la sindano halisi walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu mahali pasipo vituo walikuwa asilimia 44.2. Waliopewa dawa, mazoezi na tiba ya kawaida, asilimia 27.4.

Katika kila watu 100, sindano yoyote iliwasaidia takriban 17 zaidi ya tiba ya kawaida. Kuchoma kwenye kituo sahihi, pamoja na miaka yote ya kujifunza ramani, kuliongeza 3 au 4, na tofauti hiyo haikutofautishika na bahati. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio 39 na wagonjwa 20,827 ulikuta picha ya namna hiyo: faida ya wastani dhidi ya kutochomwa, na faida ndogo, ingawa ipo, dhidi ya sindano za kuigiza.

Je, ingechukua watu wangapi kuihakikisha tofauti ndogo namna hiyo? Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, kutofautisha 47.6 na 44.2 kunahitaji watu kama 3,360 kwa kila kundi, jumla 6,700 na ushei. Kila mmoja akija mara kumi ni vikao 67,000. Mtaalamu anayehudumia watu 16 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka 16 na miezi. Kutofautisha 47.6 na 27.4 kunahitaji watu 86 kwa kila kundi. Jumla 172.

Linganisha hayo na tiba ambayo Kisii yenyewe inajulikana kwayo katika majarida ya udaktari. Omobari, mpasuaji wa kichwa wa Abagusii, yaani Wakisii, aliandikwa na J. G. Grounds katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki mwaka 1958, kisha na Edward Margetts, aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na tena mwaka 1985 na kundi la madaktari wa upasuaji lililoongozwa na David Furnas. Mgonjwa wake ni mtu aliyepigwa au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Omobari hupasua ngozi, hukwaruza mfupa taratibu kwa kisu chenye makali yaliyopinda, na husimama anapoufikia utando unaofunika ubongo bila kuutoboa.

Fuvu la mtu mzima lina unene wa milimita 6 au 7 hivi. Hicho ndicho kipimo cha kazi yake, kikubwa zaidi ya mara 200 kuliko kijia cha Pyongyang, na kila mtu aliyesimama pale anakiona. Hakuna aliyehitaji slaidi 40,000 kumthibitishia omobari kwamba fuvu lipo, wala kwamba chini yake kuna utando. Anatomia yake ni kamili. Lakini maandishi yote hayo ni ya kueleza: nani alipasuliwa, kwa kifaa gani, alama gani imebaki. Hayalinganishi waliopasuliwa na waliopigwa vilevile wakaachwa wapone wenyewe. Na maumivu baada ya kugongwa kichwa hupungua kwa wengi kadiri miezi inavyopita, kisu kiwepo kisiwepo.

Basi tuna tiba mbili zilizogeuziana mgongo. Sindano ya Kichina ina zaidi ya wagonjwa 20,000 waliolinganishwa na haina mstari. Kisu cha Kisii kina mfupa, damu na utando, na hakina mgonjwa hata mmoja aliyelinganishwa. Anayedhani kwamba kupata msingi wa kianatomia kungeimaliza hoja ya akupancha amtazame omobari kwanza. Na kumfanyia omobari jaribio la haki haiwezekani leo: kundi la kuigiza lingepasuliwa ngozi ya kichwa bure, na hakuna kamati ya maadili itakayosaini karatasi hiyo.

Akupancha inaweza kupimwa, na Afrika Mashariki ina historia nayo. Timu za madaktari wa China zimekuwa Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipokea wataalamu wa tiba ya Kichina mwaka 1987 kwa ajili ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya 2017, inaitambua tiba ya jadi na mbadala na kutaka isimamiwe. Kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa na watu 1,872,436 katika sensa ya 2019, kwa hiyo wagonjwa wa kiuno 172 hawatakosekana kwenye foleni ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya Kisii.

Tuseme watu 15 katika kila 100 wanaacha njiani, jambo ambalo msimu wa mvua na kazi ya kuchuma chai vitalihakikisha. Waandikishwe 202 ili wabaki 172. Kila mmoja aje mara kumi, nusu kwa sindano, nusu kwa mazoezi, na arudishiwe nauli ambayo kwa mfano tuiweke shilingi 300 kwenda na kurudi. Vikao vya sindano ni 1,010, siku 63 na ushei za mtaalamu mmoja. Nauli ni shilingi 606,000. Mbali na nauli kuna mshahara wa mtaalamu, sindano, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha kamati ya maadili. Jaribio hili halitaonyesha ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na sindano na ni kiasi gani kinatokana na kuhudumiwa na kuamini, kwa kuwa kila mgonjwa atajua yuko kundi gani. Litaonyesha kama mkulima wa Borabu, Nyamira, anayekuja kuchomwa mara kumi anaondoka akiinama kwa wepesi kuliko jirani yake aliyekwenda kufanya mazoezi. Nauli hiyo ni karibu sawa na bei ya zile slaidi 4,000 za mbuzi kumi, zile zenye nafasi 4 kati ya 10 za kukipita kitu zinachokitafuta.